Damu ya waliopona Ebola isafirishwe kwa masharti gani?

Ndugu zangu wa Goma, Beni na Butembo, naleta swali lililotugawa Jumapili iliyopita baada ya misa. Mzee wetu mmoja alisema damu ya Mkongo isivuke tena mpaka kwenda maabara za wageni. Mwanafunzi wa udaktari akamjibu kwamba kila sharti linachelewesha dawa. Mimi nawapinga wote wawili, kwa heshima.

Nianze na mzee. Dawa ya Ebola iitwayo mAb114 ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995, aliyoitoa miaka 11 baadaye, huku mwili wake ukiwa bado unakumbuka ugonjwa ule. Katika damu hiyo watafiti walipata kingamwili (protini ya mwili inayopambana na ugonjwa) inayokamata protini ya juu ya virusi mahali hasa ambapo virusi hujishikiza ili viingie ndani ya seli. Kazi ya kuitenga ilifanyika ng'ambo, kwa ushirikiano na Profesa Jean-Jacques Muyembe, mtaalamu wetu wa virusi. Kisha, kuanzia Novemba 2018, dawa hiyo ilijaribiwa kwetu, Beni, Butembo, Katwa na Mangina, kati ya wagonjwa 681: waliopewa mAb114 walifariki 35 kwa kila 100, na waliopewa ZMapp, dawa nyingine iliyokuwa kipimo cha kulinganishia, karibu 50. Siwezi kumwambia mama aliyeokolewa mtoto wake kwamba damu ile ingalibaki Kikwit.

Kwa mwanafunzi nasema hivi: majaribio yale yalijaa masharti, idhini ya kila mgonjwa na kamati za maadili, tena katikati ya milio ya risasi, lakini kufikia Agosti 2019 jibu lilikuwa limepatikana. Ikiwa idhini ya mgonjwa iliweza kuandikwa Beni, mkataba wa kusafirisha damu kati ya taasisi mbili zenye wanasheria hauwezi kushindikana.

Ningependa mkataba huo useme kwamba nusu ya kila sampuli ibaki katika maabara ya INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, iliyofunguliwa hapa Goma Februari 2020, na kwamba akiba ya dawa iwekwe nchini kabla mlipuko haujatangazwa. Wengine watasema hatuna pa kuitunza. Chanjo ya Ebola iitwayo Ervebo, ndiyo, inadai baridi ya nyuzi 60 hadi 80 chini ya sifuri, nayo ilifika vijijini. mAb114 ni unga unaotunzwa kati ya nyuzi 2 na 8, baridi ya friji ya kawaida ya kituo cha afya.

Linalonisumbua, na ambalo naomba mlijadili, ni nafasi ya aliyepona mwenyewe. Serikali itatia sahihi, INRB itatia sahihi, kiwanda cha dawa kitatia sahihi. Je, aliyetoa damu akae mezani, au awakilishwe na chama cha waliopona, na adai nini hasa?