Naomba ushauri: michoro ya hataza za zamani za pampu za upepo, lazima niilipie?

Mkulima wa Singida:
Habari za majukumu wakuu. Nina kisima shambani, na upepo wa kwetu mnaujua, haupumziki. Kuna jamaa anauza michoro ya pampu ya upepo ya Marekani ya mwaka 1915. Anasema ina hataza (haki ya mvumbuzi kuzuia wengine wasiige kazi yake), hivyo lazima nimlipe yeye "leseni" ndipo fundi wangu aanze kuchomelea. Bei yake inakaribia ya ng'ombe. Nilipe?

Wakili wa Kijiweni:
Mkuu, usitoe hata mia. Kwa sheria ya Marekani ya enzi hizo, hataza ilidumu miaka 17 tangu kutolewa, kwa hiyo ya 1915 iliisha 1932. Tena hataza ya Marekani inalinda Marekani tu, kila nchi na yake. Michoro ipo wazi kwenye tovuti za hataza, Google Patents na Espacenet, unapakua bure. Ila jina la biashara halifi hivyo. Tengeneza mtambo, usiuandike Aermotor, jina la kampuni ya Marekani ya pampu hizi.

Fundi Chuma:
Sheria imeisha, tuje kwenye chuma. Hataza si mchoro wa karakana. Kwa kawaida haina vipimo vya kukatia chuma, na mara nyingi inahusu kipande kimoja tu alichoboresha mwombaji, huku gia, kule mkia. Mpe fundi, atakuuliza jino la gia lina milimita ngapi, mtabaki mnatazamana.

Faida yake ni kujua wenzetu waliwaza nini. Mhandisi Thomas Perry alifanya majaribio kama 5,000 ya magurudumu ya upepo kule Batavia, Illinois, miaka ya 1882 na 1883, akaja na mapanga ya bati yaliyopindwa badala ya mbao bapa. Aermotor ilianza 1888 kwa kazi hiyo. Mwaka 1915 wakaziweka gia ndani ya oili, watu wakapumzika kupanda mnara kila mara na kopo la mafuta. Na mkia usiudharau! Kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu inapanda mara nane. Mkia ndio unaosaidia gurudumu kujikunja likae ubavu kwa upepo mkali; lisipoweza, mapanga utayaokota kwa jirani.

Mama Alizeti:
Mdogo wangu, ukisikia kuna mtambo kama huo umekufa mahali, nenda na rula na fundi wako. Utapata vipimo ambavyo huyo muuzaji hana.

Mkulima wa Singida:
Asanteni sana, jamaa simlipi. Kiangazi maji yanakaa mita 22 chini. Silinda ya pampu naweza kuifunga juu, nibadilishe washa za ngozi za pistoni kirahisi?

Fundi Chuma:
Haitavuta. Pampu ya juu inavuta mita 7 hivi, hata iwe mpya. Silinda izame ndani ya maji, fimbo ishuke katikati ya bomba. Chagua bomba pana kuliko pistoni, washa zikichoka unaivuta pistoni kwa fimbo yake, bomba hung'oi.