Kila mtu na filamu yake bora ya muda wote: tunaanza kuonyeshana Mbeya, naomba ushauri wa mpangilio, lugha na vifaa

MuviZaUyole ameanzisha uzi:

Wakuu habari za jioni. Mbeya tuko watu 25 hivi tunaopenda filamu kwa dhati, kutoka Uyole, Mwanjelwa, Soweto na Iyunga. Kila mmoja ana ile moja ambayo kwake haijapata mpinzani. Badala ya kuendelea kutajiana majina kwenye simu, tumekubaliana kuonyeshana: Jumamosi moja kila baada ya wiki mbili, mwenye filamu anaileta, wengine tunaitazama hadi mwisho.

Zilizotajwa mpaka sasa ni The General, Bicycle Thieves, Seven Samurai, 12 Angry Men, Sholay, Supa Modo na Vuta N'Kuvute. Ukumbi una urefu wa mita 12 na upana wa mita 7, paa la bati bila dari, madirisha sita. Projekta ni ya kuazima, zile za shuleni zenye taa, mwanga wa lumeni 3,000, picha ya pikseli 1024 kwa 768. Kuna laptop moja, spika mbili na sabufa. Zaidi ya nusu yetu Kiingereza cha kufuata filamu nzima hakitoshi.

Naomba msaada: tuanze na ipi, lugha tuifanyeje, na hivyo vifaa vitatosha?

---

Kihesa_Juu:

Mkuu, orodha yenu ni nzuri kweli. Msiipange kwa kura ya nani anaipenda yake zaidi. Ipangeni kwa ugumu wa kuifuata, nyepesi itangulie. Mtu akipotea njiani Jumamosi ya kwanza, ya pili humwoni.

Anzeni na The General ya Buster Keaton, ya 1926. Ni filamu bubu, ina vibao vichache vya maandishi, na urefu wake ni kama dakika 75 hadi 80 kutegemea nakala. Mtu mmoja anakaa na maiki na karatasi yenye tafsiri ya vibao vyote kwa mpangilio, anavisoma vinapotokea. Tatizo la lugha limekwisha. Halafu steringi wa filamu ile ni treni, na watu wanaoisikia treni ya TAZARA ikipita hawahitaji kufafanuliwa uzito wa kichwa cha treni. Litakapovunjika lile daraja, waambieni watu waangalie vizuri: treni inayotumbukia mtoni ni ya kweli, si mfano wa mbao. Jambo moja mwenye filamu alitangulize wazi: shujaa anapigania upande wa Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, upande uliotetea utumwa, na filamu yenyewe inalipita jambo hilo kimya. Watu walijue kabla, kisha waitazame kazi ya Keaton.

Angalieni nakala mnayopata. Filamu bubu nyingi zinazozagaa zinakwenda mbio kupita kiasi kwa sababu zilipigwa kwa picha chache kwa sekunde kuliko zinavyochezwa leo. Tafuteni iliyosafishwa na yenye muziki wake. Ukiona watu wanatembea kama wanafukuzwa, achana na nakala hiyo.

Ya pili Supa Modo (Kenya, 2018). Dakika 74, Kiswahili kimo ndani pamoja na Kikuyu, na habari ya mtoto mgonjwa anayetengenezewa filamu na kijiji kizima inaeleweka na bibi na mjukuu. Ya tatu Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji (2021), kutoka riwaya ya Adam Shafi. Hapo watu wameshazoea kukaa.

Ya nne ndiyo Bicycle Thieves ya Vittorio De Sica, 1948, dakika 89. Hii isicheleweshwe zaidi ya hapo. Baba anapata kazi ya kubandika mabango Roma kwa sharti la kuwa na baiskeli, na baiskeli yenyewe iko rehani. Mkewe anavua mashuka kitandani wakayaweke rehani ili kuikomboa. Kuna mahali mfanyakazi wa duka la rehani anachukua furushi lile la mashuka, anapanda nalo kwenye rafu, anazidi kupanda, na rafu zote hadi juu zimejaa mafurushi ya watu wengine. Hakuna anayesema neno. Waambieni waliokaa nyuma wasogee mbele kabla ya hapo. Dereva wa bodaboda wa Mwanjelwa anayepeleka hesabu kwa tajiri kila jioni ataielewa kuliko mhakiki yeyote. Aliyecheza baba, Lamberto Maggiorani, hakuwa mwigizaji bali mfanyakazi wa kiwandani.

Sholay (1975) inazidi saa tatu, kwa hiyo ikateni katikati kwa robo saa. Seven Samurai ya Kurosawa (1954) ni dakika 207. Hiyo msiiweke Jumamosi jioni, maana wa Uyole watakosa daladala. Iwekeni siku moja saa 8 mchana. Ina mapumziko yake yenyewe katikati. Wakulima wanaokodi wapiganaji kwa chakula ili mavuno yao yasiporwe: mtu wa Kyela au Mbarali hahitaji utangulizi.

12 Angry Men (1957) iwe ya mwisho. Ni dakika 96 tu, lakini karibu yote ni wanaume 12 ndani ya chumba kimoja wanabishana. Bila tafsiri nzuri ni maneno matupu. Na lazima watu waelezwe kwanza kwamba kwenye mfumo ule wananchi 12 wa kawaida ndio wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, na wote lazima wakubaliane.

Utangulizi wa mwenye filamu usizidi dakika tatu: ni ya wapi, ya lini, jambo gani mtazamaji lazima alijue ili asipotee. Sababu za kuipenda aziseme ikishaisha.

---

Fundi_Mwanga_Njombe:

Nijibu la vifaa. Kabla ya yote, ingia kwenye menyu ya projekta utafute kipengele kilichoandikwa High Altitude, ukiwashe. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na watengenezaji wengi wanataka kiwashwe kuanzia mita 1,500. Hewa ya huku juu ni nyepesi, haibebi joto la taa vizuri. Kipengele hicho kinaongeza kasi ya feni. Usipokiwasha, projekta inaweza kujizima yenyewe katikati ya filamu na watu wakadhani imekufa. Feni itapiga kelele kidogo, vumilieni. Safisheni na kichujio cha vumbi kabla ya kila onyesho. Iringa, Mafinga, Makambako na huku Njombe, kote hali ni hiyo hiyo.

Pili, msiidharau projekta ya shule. Umbo la picha yake ni 4 kwa 3. The General, Bicycle Thieves na Seven Samurai zilipigwa karibu na umbo hilo hilo, kwa hiyo zitajaa skrini vizuri kuliko kwenye projekta mpya ya picha pana. Tatizo ni nakala zilizovutwa ili zijae TV pana: nyuso zinanenepa, gurudumu la baiskeli linakuwa yai. Kwenye VLC (programu ya kuchezea video) bonyeza herufi A mpaka gurudumu liwe duara. Filamu za sasa kama Supa Modo zitaacha mistari myeusi juu na chini, hiyo ni sawa.

Picha iwe na upana wa mita 3. Kwa projekta nyingi za aina hiyo utaiweka mita 4.5 hadi 5.5 kutoka ukutani, yaani itakaa katikati ya watu, acheni njia. Iinue juu ya meza ndefu hadi picha inyooke yenyewe, pande zisipinde. Usitegemee kuinyoosha kwa menyu, maana inaharibu ukali wa maandishi. Ukingo wa chini wa picha uwe mita 1.2 kutoka sakafuni, vinginevyo vichwa vya mstari wa mbele vitafunika sabtaito (maandishi ya tafsiri chini ya picha). Mstari wa kwanza wa viti mita 4 kutoka ukutani.

Ukuta uliopakwa rangi nyeupe isiyong'aa unashinda shuka. Mkitumia shuka, iwe nzito, ivutwe pande zote nne, na nyuma yake wekeni kitambaa cheusi, la sivyo mwanga unapita na weusi unakuwa kijivu. Madirisha sita yote yazibwe kwa maturubai au mablanketi mazito. Lumeni 3,000 za kwenye boksi zilikuwa za taa mpya. Ya kuazima huenda imebaki na nusu. Gizani itatosha kabisa, kwenye mwanga wa jioni haitoshi.

---

Dada_wa_Tukuyu:

Sabtaito ndiyo njia, na Kiswahili inawezekana mkiigawana. Filamu ya dakika 90 yenye mazungumzo ya wastani ina vipande vya sabtaito kama 900 hadi 1,300. Watu wanne, kila mmoja vipande 300, kwa wiki mbili mnamaliza. Pateni faili la sabtaito la Kiingereza (huishia na .srt), lifungueni kwa programu ya Subtitle Edit, tafsirini mahali pake bila kugusa muda. Mwisho mtu mmoja alipitie lote, la sivyo mhusika yule yule atasema "wewe" kwa mzee dakika ya 10 na "shikamoo baba" dakika ya 50.

Kosa kubwa ni kutafsiri kila neno. Maneno yetu ni marefu. Kila kipande kisizidi mistari miwili, kila mstari herufi 42, na mtu anahitaji sekunde moja kwa kila herufi 15 hivi. "Ningekuwa nimekwisha kukuambia kama ningekuwa nalifahamu jambo hilo" ni herufi zaidi ya 60. "Ningejua ningekuambia" ni 21, na ndivyo mtu anavyosema.

Faili la sabtaito lipewe jina lile lile la faili la filamu, likae folda moja nayo. Maandishi yakichelewa au kutangulia kwa kiasi kile kile mwanzo hadi mwisho, kwenye VLC tumia G na H. Kila mbonyezo ni sekunde 0.05, hivyo mibonyezo 20 ni sekunde moja. Yakianza sawa kisha yakazidi kutangulia, hadi saa nzima yawe mbele karibu dakika mbili na nusu, hapo tatizo ni kwamba sabtaito zilipangwa kwa filamu ya picha 25 kwa sekunde, na yenu ni ya 23.976. G na H hazitasaidia. Badilisheni kasi kwenye Subtitle Edit.

Na bati bila dari jamani! Mvua ikianza huku kwetu hakuna spika itakayoshindana nayo. Kuanzia Novemba hadi Mei pangeni zenye sabtaito au filamu bubu. Zile za Kiswahili zinazotegemea masikio, kama Vuta N'Kuvute, ziwekeni Juni hadi Oktoba.

---

MzeeWaKibanda:

Kwa heshima, dada, sabtaito zinawaacha wasiosoma haraka na watoto. Kibanda umiza, yaani kibanda cha kuonyeshea video mtaani, kimefundisha watu filamu kwa mdomo miaka mingi. Mtafsiri aliyejiandaa anatosha, ila ajiandae kweli: aitazame mara tatu, awe na karatasi yenye muda wa kila tukio, na asiongeze mambo yake. Sauti ya filamu ishushwe hadi theluthi anapoongea, ipandishwe anaponyamaza. Anyamaze kwenye muziki na kwenye ukimya. Hilo la mashuka alilosema wa Kihesa, mtafsiri akilisemea ameliua.

Sabufa ipunguzeni karibu yote. Kwenye bati besi inaunguruma na kumeza maneno. Spika ziwe urefu wa masikio ya aliyekaa, pande mbili za picha, zikielekea katikati ya ukumbi. Mkiona milio ya risasi inapasua na maongezi hayasikiki, faili lina sauti ya njia 5.1: nendeni kwenye madoido ya sauti ya VLC, washeni Compressor.

---

MuviZaUyole:

Nawashukuru mno, mzee wangu na ndugu zangu. Nadhani 12 Angry Men tutaiwekea sabtaito, Bicycle Thieves tutampa mtafsiri. Umeme ukikatika je? Na ni lazima laptop, au flashi moja kwa moja kwenye projekta?

---

Fundi_Mwanga_Njombe:

Laptop. Flashi iliyofomatiwa FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4, na projekta nyingi hazisomi video ya aina ya H.265 wala sauti ya aina ya DTS, unapata picha bila sauti. Kama hamna njia nyingine, ligeuzeni faili kwa HandBrake liwe MP4 ya H.264 na sauti ya AAC.

Umeme: projekta yenu inakula kama wati 280, laptop 60, spika 60. Jumla 400. Betri ya maji ya 12V, 100Ah ina Wh 1,200, lakini usiitumie zaidi ya nusu. Ukitoa upotevu wa inveta unabaki na Wh 500, yaani saa moja na robo. Haimalizi hata Supa Modo na utangulizi wake. Betri mbili zinamaliza filamu ya kawaida. Seven Samurai mtahitaji jenereta, ikae nje upande wa pili wa jengo.

---

Mafinga_Sheria:

Kabla hamjabandika tangazo: kuonyeshana nyumbani kwa mtu ni tofauti na kuwaita watu ukumbini. Onyesho la hadhara, hata la bure, linagusa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976 na hakimiliki. Mwoneni afisa utamaduni wa halmashauri kuhusu kibali cha Bodi ya Filamu, na kwa Vuta N'Kuvute na Supa Modo waandikieni watayarishaji mapema.

---

MuviZaUyole:

Afisa utamaduni nitamwona Jumatatu. Swali la mwisho: umeme ukikatika ghafla, taa ya projekta inaungua?

---

Fundi_Mwanga_Njombe:

Inachoka haraka, kwa sababu feni inasimama taa ikiwa bado ya moto. Wekeni UPS (betri ya akiba inayoshika umeme ukikatika) ndogo ya 650VA kwa projekta peke yake. Umeme ukienda, bonyezeni kitufe cha kuzima mara mbili, subirini feni isimame yenyewe, ndipo mchomoe. Ukirudi, ngojeni dakika 10 kabla ya kuwasha. Na mwezi wa Juni na Julai, projekta ikitoka kwenye baridi ya nje ikaingia ukumbini, ikae nusu saa bila kuwashwa hadi umande ukauke kwenye lenzi.