Tupeane uzoefu: Vita vya Kagera viliingiaje nyumbani kwenu?

Kokugonza:
Wakuu habari za leo. Jana kwenye daladala vijana wawili walikuwa wanabishana habari za Kongo. Mmoja akasema shida yetu Watanzania ni upole, tungeingia tu tukamaliza kazi kama tulivyommaliza Nduli Idi Amin wa Uganda. Watu wakamshangilia. Mimi nilishuka kituo kimoja kabla ya changu.

Baba yangu alikuwa mgambo. Aliondoka Desemba 1978 na blanketi moja, akarudi 1981 akiwa hawezi kulala mlango ukiwa umefungwa. Mpaka leo hawezi. Shuleni tuliimbishwa uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Bei hatukuambiwa. Naomba mliokuwepo, na ninyi watoto wao, mseme. Gwaride tumeliona. Nataka ya jikoni na chumbani.

MzeeWaFoleni:
Binti yangu, umenigusa. Nilikuwa Magomeni, Dar. Mwalimu Nyerere alituomba tufunge mkanda miezi 18. Tulikubali kwa moyo, sidanganyi, watu walitoa mbuzi, walitoa mahindi, wenye malori walitoa malori. Ila miezi 18 ikaisha na mkanda haukufunguliwa. Unaweka tofali lako kwenye foleni ya sukari usiku, asubuhi unakuta limetupwa mtaroni. Sabuni hakuna, mke wangu anafulia majani ya mpapai. Nilioa 1981 kwa shati la kuazima, na mwenye shati alikuwa anasubiri nje ya msikiti nilivue aende nalo kazini. Halafu tukala unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada. Halafu 1983 msako wa wahujumu uchumi, watu wanamwaga mafuta ya kula chooni usiku kwa hofu. Mimi hayo yote nayaona ni kamba moja.

Tabu_Tupu:
Majani ya mpapai!! Nimesikia harufu yake hapa nilipo.

Nshomile7:
Shikamoo mzee. Kwa heshima, tusiibebeshe vita kila kitu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, mpaka na Kenya ukafungwa. Bei ya kahawa ikaanguka. Mafuta yakapanda 1979. Mashirika ya umma yalikuwa hoi tayari.

MzeeWaFoleni:
Marahaba. Sijasema vita peke yake. Nasema zile dola milioni 500 zinazotajwa zilitoka kwenye nchi iliyokuwa inahangaikia mafuta ya taa. Na nani alitushika mkono? OAU, umoja wa nchi za Afrika, haikumlaani Amin alipotangaza Kagera ni mali yake. Tulipomaliza, kule Monrovia Julai 1979, Nimeiri wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria wakasimama kutulaumu sisi. Serikali iliingia gharama ile ikijua haina wa kuchangiana naye. Hiyo ndiyo hesabu ninayotaka ijadiliwe.

NilivukaMto:
Sikutaka kuandika. Nimefunga simu mara mbili, nimerudi.

Kwetu ni ng'ambo ya mto Kagera, upande wa Bunazi. Nilikuwa na miaka tisa. Ilikuwa msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, na usiku wa kuamkia siku ile tulikuwa tumekamata gunia zima. Asubuhi tukasikia milio, baba akasema ni radi. Mchana wakaanza kupita watu na magodoro kichwani, hawasalimii. Mtu wa kwetu akikupita bila kukusalimu ujue kuna msiba.

Bibi alikataa kuondoka. Alisema hawezi kuacha kibanja, shamba letu la nyumbani, babu amezikwa pale, na senene wataoza. Baba alimbembeleza mpaka giza likaingia. Kwa ajili ya kubembeleza huko tukachelewa. Tulipokaribia Kyaka tukakuta watu wanarudi, wanasema darajani hakupitiki. Tukafuata mto kwenye matete, tukampata mwenye mtumbwi. Alidai mbuzi mmoja kwa safari. Tukampa. Mimi nilikuwa na ndama, nimemshika kamba toka nyumbani, nikaambiwa ndama hapandi.

Nikaachia kamba. Tukaanza kuvuka, na yule ndama akawa anatufuata ukingoni huku analia. Usiku kimya, ndama analia, watu kwenye mtumbwi wananiangalia mimi kama nimewaleta askari wa Amin. Mzee mmoja aliyebaki ng'ambo akimsubiri mkewe akamshika yule ndama, akamziba pua, akamlaza chini mpaka akatulia. Simjui jina. Yeye na mkewe sikuwaona tena.

Tulilala miezi kwenye darasa la shule, familia kumi na moja. Tuliporudi 1979 nyumba haina bati, haina mlango, haina fremu ya dirisha. Ng'ombe hakuna hata mmoja kijiji kizima. Bibi hatukumkuta, wala kaburi lake. Mama alikuwa amebeba kanga ya bibi kwenye mzigo wetu kwa bahati, ndiyo tukaizika pembeni ya babu.

Ofisi moja ilikuja kuandika mali zetu tulipwe. Ikaandika mara ya pili. Ya tatu baba alikataa kutaja ng'ombe, akasema tu, andikeni mama yangu. Wakasema fomu haina sehemu hiyo.

Senene sili tangu siku ile.

Tabu_Tupu:
Pole sana dada. Nimeshindwa kuendelea na kazi.

Mti_wa_Mbele:
Fomu haina sehemu hiyo. Mungu wangu.

Kifaru78:
Pole dada. Sasa nyie mnaolaumu vita, mmesoma hiyo? Mlitaka Mwalimu afanyeje, amwandikie Amin barua?

Kokugonza:
Kaka, hakuna aliyesema tusimtoe Kagera. Wa kumtoa alitolewa. Daraja la Kyaka lilivunjwa, jeshi letu likaweka jingine, Januari 1979 tukawa Mutukula, mpakani upande wa Uganda. Swali langu ni kutoka Mutukula kwenda mbele. Nani alimuuliza mgambo wa Shinyanga kama anataka kulinda barabara za Kampala mpaka 1981? Lule, rais aliyemfuata Amin, alikaa siku 68 akaondolewa. Akaja Binaisa. Mwishoni akarudi Obote, yule yule aliyepinduliwa na Amin tukamhifadhi toka 1971. Baba yangu alinyimwa usingizi kwa ajili hiyo.

Kifaru78:
Ungemwacha Amin Kampala angejipanga akarudi. Alikuwa na Gaddafi nyuma yake. Ndege ya Libya ilidondosha mabomu mpaka Mwanza, au hilo mmesahau?

Ssalongo_Masaka:
Salaam kutoka Uganda, mnisamehe Kiswahili changu. Sisi tuliwaita bakombozi. Walipoingia tulicheza ngoma barabarani, nilimbeba askari wenu mgongoni nikiwa kijana. Lakini Masaka yetu ilipigwa na roketi zenu za saba saba mpaka ikawa vifusi, na vifusi vile tulikaa navyo miaka na miaka. Tuliambiwa ni kulipiza ya Kagera. Mimi sikuwahi kufika Kagera. Duka la baba lilikuwa na vyerehani vinne. Dada wa mtoni, nakupa pole kwa bibi. Na mimi nahitaji mtu aniambie pole ya Masaka.

NilivukaMto:
Pole kaka. Ya Masaka, pole. Naisema mimi kwa kuwa sijasikia mwingine akiisema.

Nshomile7:
Na Kagera tuliachiwa jingine. Juliana, ndivyo tulivyouita ukimwi. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini waligunduliwa Kagera 1983, wazee wetu wanasema jeshi ndilo lililoleta.

Mti_wa_Mbele:
Hapana, hilo lisemwe kwa uangalifu. Jina Juliana lilitoka kwenye vitambaa vya magendo, na wafanyabiashara walikuwa wanavuka kila wiki. Msiwabebeshe askari ambao wengine wapo makaburini hawawezi kujibu.

Mjukuu_Tarime:
Samahanini wakubwa. Babu yangu aliondoka na mgambo 1979, hakurudi, hakuna barua. Bibi ana miaka 90, anauliza kila Julai tarehe 25 wakitangaza Mashujaa. Naanzia wapi?

Kifaru78:
Nenda makaburi ya mashujaa wa vita pale Kaboya, wilaya ya Muleba. Majina yapo. Soma moja moja.

MzeeWaFoleni:
Usiende kwanza. Utapoteza nauli. Tafuta wastaafu wa brigedi aliyokuwemo, hao ndio wenye kumbukumbu. Wapelekee picha.

Tabu_Tupu:
Mchukue bibi mwenyewe umpeleke Kaboya hata jina lisipokuwepo. Sisi tulifanya hivyo.

Nshomile7:
Miaka 90, barabarani toka Tarime? Mrekodi kwanza bibi kwa simu, kila kitu anachokumbuka. Leo, usingoje kesho.

Mjukuu_Tarime:
Brigedi siijui. Picha ipo moja, amekaa na baiskeli.

MzeeWaFoleni:
Inatosha. Nitumie, nina wazee wawili wa kuwaonyesha.

Kokugonza:
Nimemsomea baba uzi wote baada ya magharibi. Alisikiliza mpaka kwa yule ndama, akaniambia nizime simu, akatoka nje. Amerudi sasa hivi. Dada wa mtoni, anauliza bibi yenu alikuwa kijiji gani hasa, na kama kibanja chake kilikuwa na mti mkubwa wa mvule karibu na kisima.