Ushauri: Simu za wanachama zimeanza kutumia IPv6 na programu yetu inakwama kwenye data

Mtunza_Daftari

Salaam, wakuu. Ninasimamia mfumo wa kumbukumbu wa chama cha akiba na mikopo cha wafanyabiashara wa nafaka hapa Iringa. Tuna wanachama 312, na karibu wote hutumia programu ya Android tuliyotengenezewa kwa ajili ya kuangalia salio, kuomba mkopo na kuthibitisha marejesho.

Tangu mwezi uliopita, wanachama wenye laini za kampuni moja ya simu wanashindwa kuingia wakiwa kwenye data. Juzi nilisimama sokoni na mweka hazina, tukafungua programu kwenye simu yake huku nikiangalia saa. Aligusa "Ingia", kiduara kikazunguka kwa sekunde kumi kamili, ndipo salio likaonekana. Alipoifunga programu na kuifungua upya, sekunde kumi nyingine. Wengi hawasubiri muda wote huo. Huifunga na kuanza tena, hivyo hawaingii kabisa. Wi-Fi ya ofisini haina tatizo hilo, na hata tovuti yetu, inayokaa kwenye seva hiyo hiyo, inafunguka mara moja kwenye kivinjari cha simu hiyo hiyo kwa data hiyo hiyo.

Katika mipangilio ya APN (inayoiunganisha simu na data) nilikuta itifaki imewekwa "IPv4/IPv6", yaani aina ya zamani na aina mpya ya anwani za intaneti kwa pamoja. Nilipoibadilisha kuwa "IPv4" peke yake, tatizo likaisha. Nimekwisha kuwaelekeza wanachama 14 wafanye hivyo. Ninaomba ushauri: niendelee hivi hadi nimalize wote, au kuna njia iliyo sahihi zaidi?

Nguzo_ya_Mawimbi

Mkuu, nakusihi usimame hapo hapo ulipofika. Simu za wanachama wako hazina kosa lolote. Zimekwisha kuhamia kwenye anwani mpya, na kilichobaki nyuma ni seva yako.

Anwani za IPv4 zina biti 32 (tarakimu za 0 au 1), kwa hiyo zote kwa jumla ni kama bilioni 4.3 tu, na hazina kuu ya dunia ilimalizika Februari 2011. AFRINIC, shirika linalogawa anwani kwa bara letu, liliingia awamu ya mwisho ya ugawaji Januari 2020, ambapo ombi moja haliwezi kupata zaidi ya anwani 1,024. Kampuni ya simu yenye mamilioni ya wateja haiwezi kuishi kwa kiasi hicho. Hulazimika kuwapanga wateja wengi nyuma ya anwani moja, au kuwapa IPv6, na nyingi hufanya yote mawili kwa pamoja.

Kabla sijasema zaidi, naomba uangalie rekodi za DNS (daftari linalogeuza jina kuwa anwani) za jina la seva yenu. Je, kuna rekodi ya AAAA (ya anwani ya IPv6) pamoja na ile ya A (ya IPv4)?

Bahari_Shwari

Kama AAAA ipo, ifute. Seva ikibaki na A peke yake, simu zote zitapita kwenye IPv4 na kazi itaendelea. Nimefanya hivyo mara mbili kwa wateja wangu na hakuna aliyelalamika tena.

Mtunza_Daftari

Ni kweli, AAAA ipo. Inaonekana fundi aliyetutangulia aliiweka siku alipokodi seva, kwa sababu seva ilikuja na anwani za aina zote mbili. Nimejaribu amri ya curl, inayoiita seva moja kwa moja, kutoka kwenye mashine nyingine: nikitumia -4 (IPv4 tu) jibu linakuja papo hapo, nikitumia -6 (IPv6 tu) inakaa kimya mpaka ikate tamaa.

Nguzo_ya_Mawimbi

Huo ukimya ndio ugonjwa wenyewe. Kama seva ingekataa muunganisho waziwazi, simu ingepata jibu la kukataliwa mara moja na kuhamia IPv4 bila mtu kuhisi chochote. Lakini fayawoli yako (ukuta wa ulinzi wa seva) inazipokea pakiti (mafungu ya data) za IPv6 na kuzitupa bila kujibu, na simu haina namna ya kutofautisha kimya hicho na safari ndefu, kwa hiyo inasubiri. Maktaba nyingi za mawasiliano (msimbo uliotayarishwa tayari) zinazotumika ndani ya programu za Android hujaribu anwani moja baada ya nyingine, na sekunde kumi ndio muda wa kawaida wa kusubiri. Vivinjari vya sasa hufanya tofauti: huanza na IPv6, na jibu likichelewa kwa sehemu ndogo ya sekunde hujaribu IPv4 sambamba, kisha hushika njia iliyojibu kwanza. Ndiyo maana tovuti ilikudanganya kwamba kila kitu ni kizima.

Kuhusu ushauri wa Bahari_Shwari, naukubali kama huduma ya kwanza. Ifute AAAA leo ili watu wapate pesa zao; rekodi mbovu ni mbaya kuliko kutokuwa nayo kabisa. Ipo mitandao inayoipa simu IPv6 peke yake. Kwa mfano, T-Mobile ya Marekani imekuwa ikifanya hivyo kwa simu za Android tangu toleo la 4.3 la mwaka 2013. Katika mitandao ya namna hiyo, kuna mfumo unaoitwa DNS64 ambao huiundia seva ya IPv4 anwani ya bandia ili simu iweze kuifikia, lakini huiunda pale tu ambapo jina halina AAAA yake. Wewe ukitangaza AAAA iliyokufa, mfumo huo unakuamini na kumwelekeza mteja kwenye mlango uliofungwa.

Baada ya hapo, tengeneza kwa ukamilifu. Fungua bandari ya 443 (mlango wa mawasiliano salama ya wavuti) kwa upande wa IPv6, kisha hakikisha programu ya seva inasikiliza huko pia; kama programu hiyo ni nginx, ni kuongeza mstari wa "listen [::]:443 ssl;". Cheti chako cha usalama hakiguswi, kwa kuwa kimefungwa kwenye jina na si kwenye anwani. Nakuomba sana usizuie ICMPv6 (ujumbe wa taarifa za mtandao wa IPv6) yote kwa kudhani unaongeza usalama. Katika IPv6 ruta (vifaa vinavyopitisha data) za njiani hazikati pakiti vipande. Hurudisha ujumbe kwamba pakiti ni kubwa mno, na ujumbe huo ukizuiwa, mtu ataingia vizuri kisha orodha ndefu ya miamala itakwama katikati.

Hazina_ya_Safu

Naomba kuongeza jambo, kwa sababu liliniumiza mimi. Kabla hujairudisha AAAA, fungua hifadhidata yenu uangalie safu inayohifadhi anwani ya mtu anayeingia. Mifumo mingi ya zamani iliipa nafasi ya herufi 15, ambazo zinaitosha IPv4. IPv6 inahitaji 39, na mimi huweka 45 ili hata maandishi yanayochanganya aina zote mbili yaenee. Ukisahau, kila anayeingia kwa IPv6 atakataliwa wakati wa kuandika kumbukumbu, nawe utadhani fayawoli imeharibika tena.

Pia, je, mfumo wenu hufungia anwani baada ya nywila kukosewa mara kadhaa?

Mtunza_Daftari

Dada, safu ni ya herufi 15 kamili, nimeiona sasa hivi. Na ndiyo, tunafungia anwani kwa nusu saa baada ya makosa matano. Siku za mnada huwa tunapata malalamiko ya watu waliofungiwa wakati hawajakosea hata mara moja.

Hazina_ya_Safu

Hao hawasemi uongo. Wanachama walioko mnadani wanaweza kuwa nyuma ya anwani moja ya IPv4 ya kampuni ya simu, hivyo makosa ya mtu mmoja yanawafungia majirani zake wote. Hamishia hesabu hiyo kwenye akaunti yenyewe. Ukitaka kuendelea kuhesabu anwani pia, kwa IPv6 tumia biti 64 za mwanzo, kwa kuwa simu hupewa kundi lake lenyewe la anwani, na hubadilisha biti 64 za mwisho mara kwa mara ili mwenye simu asifuatiliwe.

Mtunza_Daftari

Ninarudi kuleta mrejesho. Nilifuta AAAA jioni ile ile, na baada ya saa moja mweka hazina aliingia bila kusubiri. Siku mbili zilizofuata nilipanua safu hadi herufi 45, nikahamishia ufungiaji kwenye akaunti, nikafungua bandari na kuongeza mstari wa nginx, kisha nikajaribu curl -6 hadi ikajibu. Jana asubuhi nilirudisha AAAA. Katika kumbukumbu za seva naona wanachama wakiingia kwa anwani ndefu, na hakuna aliyepiga simu kulalamika.

Je, wale 14 niwaache na IPv4 yao?

Nguzo_ya_Mawimbi

Usiwaache, mkuu. Leo wataendelea vizuri, lakini siku kampuni yao ikihamia IPv6 peke yake watakosa data kabisa, na hawatakumbuka kwamba kuna mahali waligusa. Waambie warudishe "IPv4/IPv6".

Mtunza_Daftari

Nimeanza kuwapigia. Wanane wamerudisha, na sita waliobaki nitawakuta mnadani Jumamosi, nishike simu moja moja.