Naomba ushauri: kruzi kontroli ya rada kwenye gari la spoti ina maana?

Wakuu, nimebaki na Porsche 911 mbili za kuchagua, zote zimeshatumika, hali karibu sawa. Moja ina kruzi kontroli ya rada, ile inayopima umbali wa gari la mbele na kupunguza mwendo yenyewe. Nyingine ina ya kawaida, unaseti spidi basi. Kufunga ya rada baadaye ni kazi: rada, nyaya, programu, halafu kulenga kila kitu upya.

Kinachonichanganya ni kwamba gari la namna hii unalinunua ili uendeshe mwenyewe. Kona tamu ikija, nani anataka kompyuta imshikie mafuta? Ila nikiwa mkweli, safari zangu nyingi ni barabara kuu ndefu, jioni, na foleni za kusogea na kusimama.

Lile la rada nililijaribu. Gari lilichomekea mbele yangu, langu likashika breki mpaka shingo ikaenda mbele. Nilipohama njia likasitasita kwanza, ndipo likachanganya mwendo. Mimi ningeshaachia mafuta mapema na kupita bila fujo.

Halafu kuna bampa. Gari liko chini, rada imekaa puani, kokoto na tope vyote vyake. Likigongwa hata kidogo, rada inaweza kuhitaji kulengwa upya.

Mnaoimiliki, mnaitumia kweli au mliizima baada ya mwezi? Na kwenye gia za mkono inasaidia nini, ikiwa klachi bado naikanyaga mwenyewe?