Naombeni ushauri, mwanangu kadhurika na dawa ya kifafa

Habari zenu wakuu, kichwa changu hakifanyi kazi kabisa. Mwanangu ana miaka 6, alianzishiwa kabamazepini, wiki mbili za kwanza poa tu, ya tatu homa ikapanda, vipele vyekundu vikatoka kifuani vikashuka mpaka miguuni, tezi za shingo zikawa kama kunazi, asubuhi moja akaamka uso umevimba macho hayafunguki. Mama mkwe akasema hiyo surua, na mimi nikakubali nikaendelea kumpa dawa siku nne zaidi, hilo linaniuma hadi leo.

Hospitali wakapima wakakuta ini nalo limeguswa, dokta akasema ni mzio mkali wa dawa, na kuna virusi vinaitwa HHV-6, karibu watoto wote wanavipata wakiwa wadogo halafu vinalala mwilini, mzio wa hivi ukija huwa vinaamka. Dawa ikasimamishwa hapohapo akapewa steroidi (dawa za kutuliza mzio), sasa tuko nyumbani, ngozi ya viganja inabanduka kama ganda la kitunguu.

Shida iliyobaki, zahanati ya huku dawa ya kifafa iliyopo ni fenobabitoni tu, na nimeambiwa hiyo na nyingine ya kifafa, fenitoini, ni ndugu wa ile iliyomdhuru, asiziguse. Badala yake kaandikiwa levetirasetamu, ila bei yake jamani!

Kuna mzazi kapitia hili? Mnaipataje kwa unafuu, bima inalipa? Na siku akishikwa na homa tena akatoka vipele, nitajuaje ni virusi tu au ni dawa?