Muundi wa ng'ombe zaidi ya supu: mnapika nini?

NuruUkonga:
Habarini wapenzi wa jikoni. Bucha ninayonunua huku Ukonga, steki imenishinda bei, na mchanganyiko nao siku hizi mfupa ni mwingi kuliko nyama. Muuzaji akanishauri nichukue muundi, ile nyama ya mguu wa chini, kwa sababu wateja wengi wanaupita wakiona kano, na bei yake iko chini. Supu ya muundi najua kuipika na watoto wanaipenda. Ninachotafuta ni mawazo mengine. Tupo sita nyumbani, wanne ni watoto wa shule. Nikinunua kilo mbili Jumamosi ningependa zitufikishe Jumatatu bila watu kuona wanakula chakula kilekile. Napikia gesi, mtungi mdogo wa kilo 6, na jiko la mkaa lipo. Sufuria ya presha sina. Mnaupikaje?

Mangi_Kibosho:
Dada, huo ndio nyama ya mtori! Chemsha mpaka ulainike kabisa, toa nyama na mifupa, kisha kwenye supu hiyohiyo tia ndizi mshare zilizomenywa, na kitunguu. Ndizi zikiiva ziponde kwa mwiko hadi uwe uji mzito, rudisha nyama iliyochambuliwa, malizia na siagi au maziwa kidogo. Kwetu uchagani mama aliyejifungua hupikiwa mtori, na supu ya mfupa ndiyo inayoubeba. Steki haitoi supu ya namna hiyo.

MamaLishe_Ngamiani:
Mwanangu Nuru, mimi nauza chakula hapa Ngamiani, Tanga, na muundi ndio nyama ya sufuria yangu. Steki siinunui hata ikishuka bei, maana kwenye mchuzi inakauka, unabaki kutafuna nyuzi. Muundi una kano na utando kila pahali, na hivyo ndivyo vinavyoyeyuka taratibu vikaufanya mchuzi uwe mzito wenyewe, bila unga wala nyanya ya kopo.

Nakuomba ushike jambo moja: nyama ichemshe mara moja tu, Jumamosi, halafu uiunge mara tatu.

Ukiwa bado bucha, omba mfupa ukatwe kwa msumeno. Shoka linaacha vichenga vya mfupa ndani ya nyama, na una watoto. Nyama ibaki vipande vikubwa vya ukubwa wa ngumi, maana vidogo vitasambaratika kabla kano haijalainika. Nyumbani ioshe upesi, usiiloweke. Panga mifupa chini, nyama juu, maji ya baridi yaipite kwa vidole viwili. Tia tangawizi ya kutwanga, kitunguu saumu na punje chache za pilipili manga. Chumvi weka kidogo sana, kwa sababu supu itapungua na utaitumia tena kwenye mapishi mengine. Likipanda povu la kijivu, liengue lote kwa upawa, ndipo upunguze moto.

Kwenye moto ndiko kuna kazi. Muundi hautaki kuchemka kwa fujo. Unataka kiputo kimoja hapa, kimoja pale, kwa saa tatu hivi. Ukiuchochea, nyuzi zinajikaza na utamu wote wa nyama unatoka, huku kano bado ngumu. Gesi yako usiimalizie hapa. Washa mkaa jiko lijae, na povu likishaisha funika makaa kwa majivu, uache upenyo mdogo wa kupumua. Weka mfuniko, juu yake jiwe. Mimi nabandika baada ya sala ya adhuhuri, na ikiadhiniwa alasiri naanza kuuangalia. Choma kano kwa uma. Ikiwa nyeupe na inaurudisha uma, bado. Ikishakuwa ya kung'aa, imegeuka rangi ya asali na uma unapita wenyewe, epua.

Sasa gawa. Mifupa igonge kwenye kibakuli upate uboho. Nyama weka kando, supu chuja. Ikikaa kwenye friji supu hiyo itaganda hadi uichote kwa kijiko, na hapo ujue muundi umetoa kila ulichokuwa nacho. Mafuta meupe yatakayopanda juu usiyatupe, yana kazi Jumapili.

Jumamosi jioni chukua theluthi ya nyama uipike na nazi. Kaanga kitunguu, nyanya mbili, bizari ya mchuzi kidogo, tia nyama, tui la pili na bilauri moja ya supu. Ukiwa na bilinganya au bamia, tia. Mwisho kabisa tui zito, na hapo usiondoke jikoni: koroga bila kuacha mpaka lichemke, lisikatike. Kamulia ndimu ukishaepua.

Jumapili pilau. Kaanga vitunguu vinne vikubwa kwa yale mafuta pamoja na uboho, hadi viwe kahawia iliyokolea. Hapa watu wengi wanaharakisha, kisha wanalalamika pilau imekuwa nyeupe. Fuatisha saumu na tangawizi, bizari nyembamba, mdalasini, iliki, karafuu, halafu viazi na theluthi ya pili ya nyama. Mchele wa Mbeya niliouloweka nusu saa naupimia vikombe vitatu vya supu kwa viwili vya mchele, wala sitii maji. Ukikaribia kukauka, palia makaa juu ya mfuniko.

Jumatatu nyama iliyobaki ichambue kwa mkono, ikaange na vitunguu, hoho na pilipili hadi kingo zikauke kidogo. Ugali na mchicha usiku, na kiasi weka ndani ya chapati kwa ajili ya watoto kubeba shule.

Jiko_la_Nje:
Mbona hakuna aliyetaja papai bichi? Kwangua kijiko kimoja kwa kilo, paka nyama, acha nusu saa. Nyama ngumu inalainika na mkaa unaokoa. Mimi ndivyo ninavyofanya mishkaki.

MamaLishe_Ngamiani:
Kaka, kwa mishkaki nakubaliana na wewe, maana vipande ni vidogo na havina kano. Kwenye muundi papai linashika juu tu. Nje nyama inakuwa laini ya kuvurugika, na katikati kano iko vilevile. Ile inahitaji moto mdogo na muda.

Binti_wa_Maskati:
Naongeza bokoboko. Ngano iliyokobolewa iloweke usiku kucha, asubuhi ipike pamoja na muundi na kijiti cha mdalasini kwa moto mdogo hadi ngano ipasuke na nyama iachie mfupa. Toa mifupa, kisha ipige kwa mwiko, uipige haswa, hadi usijue nyama iko wapi na ngano iko wapi. Juu samli na vitunguu vya kukaanga. Bibi yangu aliipika Unguja, na huku Omani ni chakula cha Ramadhani na Sikukuu. Mwaka 2023 UNESCO iliyaweka mapishi haya kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika, kwa jina la Oman, Saudi Arabia na Falme za Kiarabu. Nyama kidogo inalisha watu wengi, ndiyo maana nakuandikia.

NuruUkonga:
Shikamoo mama wa Ngamiani, na asanteni wote. Nimeshaandika kila kitu kwenye daftari la jikoni. Mtori nitawapikia wiki ijayo, bokoboko naitunza kwa Ramadhani. Mama, nina swali moja: umeme huku unakatika, na friji siitegemei. Supu na nyama ya Jumatatu niihifadhije?

MamaLishe_Ngamiani:
Marahaba mwanangu. Kama friji huiamini, badilisha mpango kidogo. Jumamosi usiku kabla ya kulala, nyama ya Jumatatu ikaange palepale mpaka ikauke kabisa, maji yote yaishe, bila kitunguu wala nyanya, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyochacha haraka. Ya Jumapili ibaki ndani ya supu. Ichemshe usiku hadi itokote vizuri, funika, usiifunue wala kuchovya kijiko, na asubuhi ichemshe tena kabla ya kitu kingine chochote. Pilau pika mchana, usisubiri jioni. Ile kavu nayo ipashe moto sawasawa Jumapili asubuhi na jioni. Ukiona ina harufu usiyoielewa, usiwape watoto. Na kilo mbili zikikutia wasiwasi, nunua moja na nusu, pika Jumamosi na Jumapili, Jumatatu wale maharage ya nazi.